Protini za Virusi Ndani ya Limfoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa udaktari na wa maabara, wauguzi wa wodi za saratani na wazazi wanaouguza watoto hurudia kuyauliza. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa huko.

## Misingi

Limfoma ni nini, na ni virusi gani vinavyohusika nayo?

Limfoma ni saratani inayoanzia kwenye limfosaiti, yaani zile seli nyeupe za damu zenye kazi ya kutambua vimelea na kuvikumbuka. Wengi huiita saratani ya mitoki au ya matezi, kwa kuwa mara nyingi huanza kuonekana kama uvimbe shingoni, kwapani au kinenani. Limfoma nyingi hazina uhusiano wowote na virusi.

Katika zile zenye uhusiano huo, virusi vitatu huingia ndani ya limfosaiti yenyewe na kukaa humo: kirusi cha Epstein-Barr (EBV), kirusi cha herpesi cha sarkoma ya Kaposi (KSHV), na HTLV-1, kirusi kinachoshambulia limfosaiti ziitwazo seli T. Viwili vingine, yaani kirusi cha homa ya ini aina ya C na VVU, huchangia kwa njia ya pembeni, nasi tunavieleza mbele. Vyote vitano vimeorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon nchini Ufaransa, katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu.

Si inasemekana karibu kila mtu ana EBV? Mbona basi hatuugui sote?

Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Huambukizwa kwa mate, na katika Afrika Mashariki watoto wengi huwa wamekwisha kukipata kabla ya kutimiza miaka 3, kwa kawaida bila dalili ambayo mzazi angeitambua. Baada ya hapo kirusi huishi maisha yote ya mtu ndani ya seli chache za kundi la seli B (limfosaiti zinazotengeneza kingamwili), zile za kumbukumbu, kikiwa karibu kimya kabisa. Seli T za kinga hulinda zamu: seli B inayoonyesha protini za kirusi hutambuliwa na kuuawa.

Kwa hiyo kuwa na EBV pekee hakutoshi. Lazima pawe na jambo la pili, mara nyingine na la tatu: kinga iliyodhoofishwa na dawa au na VVU, malaria ya mara kwa mara, au kosa katika kromosomu za seli.

Kirusi kinafaidika nini kwa kuleta saratani?

Hakifaidiki. Uvimbe ukimuua mtu, kirusi nacho hufa naye, na seli za limfoma kwa kawaida hazitoi virusi vipya vya kwenda kwa mtu mwingine. Kinachotafutwa na EBV ni makazi ya kudumu. Seli B ya kawaida haiishi muda mrefu isipopata ishara mbili: ya kwanza kutoka kwenye kipokezi chake kinapokutana na kimelea, na ya pili kutoka kwa seli T inayoikubalia kuendelea. Ikizipata zote mbili, huzaliana ndani ya tezi, kisha baadhi ya watoto wake huwa seli za kumbukumbu zinazoishi miaka mingi.

EBV kimejifunza kughushi ishara hizo zote mbili. Hilo ndilo jambo la kushika katika majibu yote yanayofuata, kwa sababu protini za virusi hivi hazileti mtambo mgeni ndani ya seli. Zinaiga sauti za seli yenyewe, na saratani huzuka pale ambapo sauti hiyo ya kuiga haizimiki.

## EBV: protini moja baada ya nyingine

Nasikia kuhusu "hatua za ukimya" za kwanza, ya pili na ya tatu. Maana yake nini?

Ni mipango mbalimbali ambayo EBV huitumia ndani ya seli B, kila mmoja ukiwasha idadi yake ya protini. Katika hatua ya tatu kirusi huwasha zote za ukimya: EBNA1, EBNA2, EBNA3A, 3B na 3C, EBNA-LP, pamoja na LMP1, LMP2A na LMP2B. Huu ndio mpango wa siku za mwanzo za maambukizi, na pia wa limfoma nyingi zinazowapata watu waliopandikizwa figo au ini. Katika hatua ya pili hubaki EBNA1, LMP1 na LMP2, na hivyo ndivyo zilivyo seli za limfoma ya Hodgkin yenye EBV. Katika hatua ya kwanza hubaki EBNA1 peke yake, na hii ni alama ya limfoma ya Burkitt (tazama sehemu yake hapa chini). Iko pia hatua ya sifuri, ambayo seli ya kumbukumbu iliyotulia haionyeshi protini yoyote ya kirusi.

Katika hatua zote za ukimya huwapo pia RNA ndogo zisizotengeneza protini, ziitwazo EBER, ambazo maabara huzitafuta kwenye kinyama, yaani kipande kidogo kilichokatwa kutoka kwenye uvimbe (tazama sehemu ya vipimo).

LMP1 hufanya nini hasa?

LMP1 huiga kipokezi kiitwacho CD40, ambacho ndicho hupokea ile ruhusa ya seli T. CD40 halisi hukaa juu ya utando wa seli ikingoja kuguswa. LMP1 haingoji mtu. Protini hii hupita kwenye utando mara sita, na sehemu hizo zilizozama ndani ya utando hushikana zenyewe kwa zenyewe, hivyo ishara inatoka usiku na mchana, mithili ya kengele ya mlangoni ambayo kitufe chake kimekwama ndani.

Mkia wake uliomo ndani ya seli una maeneo mawili makuu yanayokusanya protini za seli zenyewe, zikiwemo za jamii ya TRAF pamoja na TRADD. Kutoka hapo huwashwa njia kadhaa, na iliyo muhimu kuliko zote ni ya NF-κB, protini ya kuwasha jeni, ambayo huingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za uhai kama BCL2 na A20. Matokeo yake ni seli inayokataa kufa na inayoendelea kugawanyika. Panya waliopandikizwa jeni ya LMP1 katika seli B zao wamepata limfoma, jambo linaloonyesha kwamba protini hii ina nguvu ya saratani hata bila kirusi kizima.

Hata hivyo wingi wake una mpaka: ikizidi sana, seli huacha kukua. Ndiyo maana ukipima seli moja moja zilizo katika chupa ileile ya maabara utakuta viwango vya LMP1 vinapishana mno.

Na LMP2A?

Hii huiga ishara ile nyingine, ya kipokezi cha seli B chenyewe. Mkia wake una vipande vinavyofanana na vile vya kipokezi halisi, navyo huvuta vimeng'enya LYN na SYK, ambavyo huipa seli ujumbe kwamba kipokezi chake kipo na kinafanya kazi.

Umuhimu wake huonekana vizuri katika limfoma ya Hodgkin. Seli za Reed-Sternberg, zile kubwa zenye viini viwili au zaidi, zimetokana na seli B ambazo aghalabu jeni zao za kipokezi zimeharibika. Katika tezi lenye afya, seli B isiyo na kipokezi hujiua papo hapo. LMP2A huipa cheti bandia. Katika panya waliopewa jeni hii, seli B zisizo na kipokezi chochote ziliweza kutoka katika uboho na kuishi, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani.

Kwa nini EBNA1 haikosekani karibu katika kila uvimbe wenye EBV?

Kwa sababu bila EBNA1 kirusi kingepotea seli inapogawanyika. DNA ya EBV haijiungi na kromosomu za binadamu kwa kawaida. Hukaa kando kama pete. EBNA1 hushika pete hiyo kwa upande mmoja, mahali paitwapo oriP, na kromosomu ya seli kwa upande mwingine, ili seli mbili mpya zigawiwe kila moja fungu lake.

Ina ujanja mwingine wa kujificha. Katikati yake kuna mfululizo mrefu wa asidi amino mbili tu, glisini na alanini, zinazojirudia. Mfululizo huo hupunguza kasi ya kutengenezwa kwa protini na huizuia isikatwekatwe kwa urahisi, hivyo vipande vichache tu hufika juu ya seli ambako seli T zingeviona. Zaidi ya hayo, EBNA1 hushikana na kimeng'enya USP7, ambacho kwa desturi huikinga p53, protini inayozuia seli iliyoharibika isigawanyike, isiharibiwe. Kikishikwa na EBNA1, p53 hupungukiwa na mlinzi.

EBNA2 na jamii ya EBNA3 zina kazi gani?

EBNA2 haishiki DNA yenyewe. Hujipachika kwenye protini ya seli iitwayo RBPJ, mahali pale pale ambapo hujipachika Notch, ishara ya kawaida ya kukua na kukomaa. Kwa njia hiyo huwasha jeni nyingi za seli na za kirusi, ikiwemo MYC, ambayo ndiyo huamrisha seli igawanyike.

EBNA3A na EBNA3C hushirikiana kuzima. Huifunga jeni ya BIM, inayochochea seli kujiua, na jeni ya p16, breki ya mgawanyiko, kwa kuweka alama za kufungia juu ya histoni (protini ambazo DNA hujizungusha juu yake) zilizo kwenye jeni hizo. Alama za namna hiyo huweza kudumu hata protini zenyewe zikishatoweka, jambo lenye uzito mkubwa katika Burkitt. Ajabu ni kwamba ndugu yao, EBNA3B, huelekea kuzuia uvimbe badala ya kuuchochea.

Je, EBV huvunja p53 na RB kama kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi?

Si kwa namna ile. Waliosoma kwanza kuhusu HPV, yaani kirusi hicho, huja na picha ya protini zake mbili, E6 inayoangamiza p53 na E7 inayoikamata RB, breki nyingine ya mgawanyiko wa seli, kisha wanatafuta jozi kama hiyo kwenye EBV. Mazoea hayo yanapotosha. EBV hupunguza nguvu za walinzi hawa kwa njia za kuzunguka, kama vile USP7 na kufungwa kwa p16. Anayetaka mfano unaokaribia ule wa HPV aitazame LANA, protini ya KSHV (tazama sehemu ya virusi vingine).

## Burkitt

Limfoma ya Burkitt ilihusishwaje na kirusi?

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya, mara nyingine wa pande zote mbili, na wengine wenye uvimbe tumboni. Aliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini akiuliza hospitali baada ya hospitali, akagundua kwamba uvimbe huu hufuata joto na mvua, yaani maeneo yaleyale ya malaria.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London, na wakakubaliana kwamba vinyama vya wagonjwa vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona chembe za kirusi cha jamii ya herpesi ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni. Kirusi cha kwanza cha saratani ya binadamu kilipatikana, basi, kutokana na watoto wa Uganda, ingawa majina yaliyobaki kwenye kirusi ni ya London.

Ikiwa LMP1 na EBNA2 zina nguvu hivyo, mbona Burkitt, inayokua kwa kasi kuliko karibu saratani zote, ina EBNA1 tu?

Hili ndilo swali bora katika ukurasa huu. Katika Burkitt, kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni ya MYC hukatika na kuunganishwa karibu na jeni za kingamwili, mara nyingi kwenye kromosomu namba 14, na pengine namba 2 au 22. Jeni za kingamwili ndani ya seli B hazilali, na MYC iliyowekwa karibu nazo hailali pia. Kazi ambayo EBNA2 ilikuwa ikiifanya sasa inafanywa na kosa la kromosomu, na kirusi hakihitajiki tena kuamrisha mgawanyiko. Protini nyingine zingekuwa mzigo, kwa kuwa seli T huzitambua haraka.

Lakini MYC ina makali mawili: huichochea seli kugawanyika na papo hapo huisukuma kujiua. Ili uvimbe uote, njia ya kifo lazima izibwe. Hapa ndipo kirusi kinapoendelea kuwa na faida kwa seli. BIM huenda ilikwisha kufungwa na EBNA3 siku za nyuma, na RNA ndogo za kirusi huendelea kupunguza protini za kifo. Katika maabara, seli za Burkitt zilizopoteza EBV hufa kwa urahisi zaidi na huwa dhaifu katika kuotesha uvimbe.

Kuna pia kundi dogo la Burkitt ambalo kirusi chake kimepoteza kipande chenye EBNA2, nalo huonyesha EBNA3 pamoja na BHRF1, protini inayofanana na BCL2 ya binadamu na inayozuia kifo cha seli. Kwa hiyo kanuni ya "EBNA1 peke yake" ni ya wagonjwa walio wengi tu.

Malaria inaingilia wapi?

Kwa milango miwili angalau. Kwanza, vimelea vya Plasmodium falciparum huchochea seli B kuzaliana kwa wingi ndani ya matezi, na humo hufanya kazi kimeng'enya AID, ambacho hukata jeni za kingamwili ili kuziboresha. AID ikikosea mahali pa kukata, MYC huweza kuhama. Pili, malaria ya kurudiarudia huchosha seli T zinazolinda zamu dhidi ya EBV, na seli B zenye kirusi huongezeka. Utafiti wa magharibi mwa Kenya umeonyesha kwamba watoto wa Kisumu, ambako malaria ni ya kudumu, hupata EBV mapema kuliko wale wa nyanda za juu za Nandi.

Huko North Mara, Tanzania, watoto waliwahi kugawiwa klorokwini ili ionekane kama Burkitt itapungua. Idadi ya wagonjwa ilishuka, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya dawa, na usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini ulivuruga hesabu. Sioni haki kuutaja mradi huo kama ushahidi wa upande wowote.

## Virusi vingine

KSHV hufanyaje?

Kirusi hiki kiligunduliwa na Yuan Chang na Patrick Moore mwaka 1994 katika sarkoma ya Kaposi. Husababisha pia limfoma adimu inayojaza majimaji kifuani, tumboni au kuzunguka moyo, hasa kwa watu wenye VVU. Kwa wagonjwa wengi, seli zake huwa na EBV pia.

KSHV ni mwizi wa wazi. Jenomu yake imebeba nakala za jeni za binadamu zilizorekebishwa. Saiklini yake, protini ya kuendesha mgawanyiko, huungana na kimeng'enya CDK6 na kuisukuma seli igawanyike bila kujali breki kama p16 na p27. Protini yake iitwayo vFLIP hushika kiungo cha NF-κB na kukiweka wazi daima. Ikizimwa katika maabara, seli za limfoma hii hufa. Interleukini 6 ya kirusi, protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli, huweza kuamsha kipokezi gp130 moja kwa moja, bila ule mkono wa pili ambao interleukini ya binadamu huuhitaji. LANA nayo hufanya kazi ya nanga kama EBNA1, na juu ya hiyo huikamata p53 na RB.

HTLV-1 ina tofauti gani?

Huingia kwenye seli T, na DNA yake hujiunga na kromosomu. Hupatikana zaidi kusini-magharibi mwa Japani, visiwa vya Karibi na sehemu za Afrika, na huambukizwa hasa kwa kunyonyesha, kujamiiana na damu. Takriban asilimia 3 hadi 5 ya walioambukizwa hupata saratani ya seli T, kwa kawaida baada ya miongo kadhaa.

Protini yake Tax huwasha NF-κB na CREB, protini za kuwasha jeni, kwa nguvu, lakini kwa kuwa seli T nyingine huitambua sana, uvimbe mara nyingi huizima. Inayobaki ni HBZ, inayosomwa kutoka uzi wa pili wa DNA ya kirusi. Tax huanzisha, HBZ hudumisha.

Na VVU na homa ya ini C?

VVU haviingii kwenye seli B za limfoma. Mchango wake mkuu ni kudhoofisha seli T na kuzichosha seli B kwa uchochezi wa muda mrefu. Homa ya ini C nayo huchochea seli B kwa miaka mingi, na protini yake E2 hushika CD81 iliyo juu ya seli hizo. Baadhi ya limfoma za ukanda wa pembeni (aina ya limfoma za seli B zinazokua polepole) hunywea kirusi kikitibiwa, bila dawa za saratani.

## Vipimo, tiba na mambo ya pembeni

Kipimo cha damu kimeonyesha nina kingamwili za EBV. Je, nina saratani?

Hapana. Kinaonyesha tu kwamba uliwahi kuambukizwa, kama karibu kila mtu. Uhusiano wa uvimbe na EBV huthibitishwa kwa kuchukua kinyama na kutafuta EBER ndani ya seli za uvimbe wenyewe.

Je, limfoma ya mtoto wangu inaambukiza?

Haiambukizi. Kirusi huenea kwa mate, lakini walio nyumbani kwa kawaida wanacho tayari. Mtoto asitengwe.

Kwa nini asiklovia, dawa ya virusi vya herpesi, haitibu limfoma ya EBV?

Dawa hiyo huamshwa na vimeng'enya ambavyo kirusi huvitoa kinapozaliana tu, kisha huzuia kunakiliwa kwa DNA yake. Ndani ya limfoma kirusi kimelala. Nakala zake hutengenezwa na mashine ya seli yenyewe. Dawa haina pa kushika.

Mgonjwa aliyepandikizwa figo akipata limfoma ya EBV, kwa nini daktari hupunguza kwanza dawa za kushusha kinga?

Kwa sababu limfoma hizo nyingi zimo katika hatua ya tatu, zikionyesha protini ambazo seli T huzitambua vizuri. Kinga ikirudishiwa nguvu kidogo, baadhi ya uvimbe hunywea, na wasipopata nafuu huongezewa rituksimabu, dawa ya kingamwili inayolenga seli B. Kwa wagumu zaidi, Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwishoni mwa 2022 tiba ya seli T za mtu mwingine zilizofunzwa kuitambua EBV. Kwa Burkitt mbinu hiyo ina nafasi finyu, kwa sababu zilizoelezwa kwenye jibu la EBNA1.

Je, kirusi kinaweza kuanzisha limfoma kisha kikatoweka?

Dhana hiyo ipo, na alama za kufungia jeni kama ile ya BIM zinaifanya iwezekane. Ugumu ni wa ushahidi: kitu kisichoonekana ndani ya uvimbe hakithibitishi kwamba kiliwahi kuwamo. Vipande vya DNA ya EBV vilivyosalia vimeonekana katika baadhi ya Burkitt zilizohesabiwa kuwa hazina kirusi, lakini si katika zote.

Burkitt isiyo na EBV hutibiwa tofauti?

Hapana. Dawa kama saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati hulenga kasi ya kugawanyika, na kasi hiyo hutoka kwa MYC, ambayo imehama katika aina zote mbili. Kwa sababu uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, majibu ya EBER yasisubiriwe ili kuanza tiba.